Shamba la Viziwi

Wahenga hawakusema maneno ili kujaza kinywa. Waliposema kuwa lisemwalo lipo, na kama halipo laja, walitaka tuelewe kwamba neno likishazunguka midomoni mwa watu miaka nenda miaka rudi, halizunguki bure. Ama kitu chenyewe kipo, kimejificha mahali tusipotazama, ama bado hakijafika, lakini kiko njiani na nyumba ya kufikia kinaijua. Bohumila wa kijiji cha Oskorušov alilielewa jambo hilo akiwa amechelewa, na nusura ampoteze ndugu yake wa pekee.

Oskorušov kimekaa katikati ya mashamba kama yai ndani ya kiota. Upande wa juu ni mizabibu, upande wa chini ni shayiri na alizeti hadi macho yachoke. Kelele hakuna. Trekta likipita asubuhi, hadi jioni watu bado wanalizungumzia. Na huko mashambani, mbali na nyumba, imesimama misalaba saba ya mawe. Ni mifupi, haimpiti mtoto wa miaka mitano, imeinama na kuota ukungu. Kila mmoja ulichongwa zamani na mwuaji kwa mikono yake mwenyewe, akausimika pale pale alipoua, ili apatane na marehemu. Juu yake alichonga kitu alichoulia. Wa kwanza una kisu, wa pili shoka, wa tatu mundu, wa nne rungu. Apitaye hapo lazima aweke kijiti cha mti wa nyumbani kwake. Asiyeweka, husema watu wa huko, hurudi nyumbani amembeba marehemu mgongoni.

Bohumila alikuwa fundi wa baiskeli. Alikuwa na miaka arobaini na mmoja, mikono imara kama koleo, na kucha ambazo grisi haikuzitoka hata siku ya harusi. Karakana yake ilikuwa zizi la zamani la ng'ombe la ushirika. Kila mwaka, Jumapili ya kwanza ya Julai, ndiye aliyeandaa msafara wa Misalaba Saba. Watu walitoka mijini na baiskeli zao za milimani, zile za tairi nene zenye meno kama ya mamba, wakapita njia za mashambani kutoka msalaba hadi msalaba, kila mtu na vijiti vyake saba vimefungwa kwenye usukani.

Tatizo lilikuwa moja. Kati ya msalaba wa nne na wa tano, msafara ulilazimika kushika barabara ya lami. Mwaka uliopita lori liliwapita wawili kwa unene wa kidole, mmoja akaingia mtaroni na kuvunjika bega. Bohumila hakulala usingizi mwema tangu siku hiyo. Akakata shauri kuwa mwaka huu hakuna lami. Watakata moja kwa moja katikati ya shamba la shayiri. Na shamba lenyewe liliitwa Shamba la Viziwi.

Siku ya Alhamisi ilinyesha mvua kubwa ya radi. Ilipokatika, Bibi Otylie aliingia karakanani akiwa na sahani ya keki za jibini na plamu, na fimbo yake. Bibi huyo alikuwa na miaka themanini na sita, na bado ndiye aliyevuta kamba ya kengele ya kanisa dogo kila saa sita mchana. Mashine ya kuvuta kengele aliikataa. Alisema mashine haijui inamlilia nani.

"Nasikia unawapitisha wageni Shamba la Viziwi," alisema, akaketi juu ya tairi kuukuu.

"Ndiyo, Bibi. Huko hakuna lori."

"Sikuzuii, mwanangu. Nakuuliza tu. Saa sita ikigonga, hao wageni wako watakuwa wapi?"

Hynek, mdogo wake Bohumila, alikuwa amejilaza chini ya benchi akikaza mnyororo. Alikuwa kijana wa miaka thelathini na mitatu, mfanyakazi wa mizabibu, mwenye miguu ya farasi na ulimi usiojua kupumzika. Akatoa kichwa nje.

"Saa sita watakuwa wanakula, Bibi. Na wasipokula, wataziba masikio na kuimba kama sisi tulivyofundishwa. Mmm-mm, mmm-mm!" Akaziba masikio kwa vidole vyeusi na kuvumisha wimbo wa kupura nafaka ambao kila mtoto wa Oskorušov anaujua kabla hajajua kuhesabu.

Bohumila aliangua kicheko. Bibi Otylie hakucheka.

"Unaujua wimbo, Hynek. Unajua uliimbiwa nini?"

"Najua. Vita vya Waswidi, wale askari waliovamia huku karibu karne nne zilizopita. Watu wakachimba handaki chini ya shamba, wakajificha. Waliobaki juu wakafukia mlango. Wakakubaliana kuwa kengele ya saa sita ikilia, ni salama, gongeni tuwafungulie."

"Endelea."

"Waswidi wakaja wakapiga kambi juu ya handaki lenyewe, bila kujua. Wakamlazimisha mpiga kengele apige kama kawaida. Wa chini wakagonga. Wa juu wakajitia hamnazo, wakaimba kwa nguvu huku wakipura shayiri, ili askari wasisikie. Siku ya kwanza, siku ya pili. Siku ya tatu hakukuwa na mtu wa kugonga. Bibi, ulinisimulia haya nikiwa nanyonya."

"Na askari walipoondoka?"

Hynek alirudisha kichwa chini ya benchi. Hata ulimi wake ulijua mahali pa kusimama.

"Hakuna aliyethubutu kufukua," Bibi Otylie alimaliza mwenyewe. "Walisimika jiwe, basi. Ndiyo maana msalaba wa tano hauna kisu wala shoka. Una sikio. Na ndiyo maana saa sita hatusimami pale. Wakigonga hatujibu, maana tutawaambia nini sasa?"

"Bibi," alisema Bohumila kwa upole, akifuta mikono, "mabwana wa makumbusho walikuja na vyombo vyao, wakapima, wakasema hakuna handaki wala kisima. Ni hadithi. Lori si hadithi."

Bibi kizee akasimama taratibu. "Haya. Keki ziko hapo. Na wewe Hynek, mama yako alikuzaa siku ya mvua kama hii. Ardhi ikilewa maji husahau kufunga mdomo."

Alipotoka, Hynek alichukua keki mbili kwa mpigo. "Kesho naijaribu njia yako, dada. Nikichelewa, ujue wa chini wamenipa Mswidi mmoja nimwoe. Usilie. Andaa mahari tu."

"Nani atakutaka wewe, na miguu inayonuka zabibu mbovu?"

Ndivyo walivyoagana. Ijumaa, saa kumi na mbili asubuhi, Bohumila alisikia mlio wa gia uani. Hynek alikuwa anaondoka na vijiti saba vya mti wao wa jozi kwenye usukani.

Mchana ulifika bila Hynek. Jioni ikafika bila Hynek. Bohumila alipiga simu, haikupatikana. Hakushtuka. Marafiki wote wa Hynek walikuwa na sela, yaani maghala ya mvinyo, na katika sela hizo, zilizochimbwa ndani ya kilima, simu hufa kama samaki nchi kavu. Kiangazi kizima Hynek alikuwa akilala kwa huyu leo, kwa yule kesho. Zaidi ya hayo, Bohumila alikuwa na baiskeli arobaini za kukagua breki. Akamlaani kimoyomoyo, akaendelea na kazi.

Jumamosi saa nne asubuhi alikuwa amewapigia marafiki wote. Hakuna aliyemwona. Hapo ndipo alipoziacha breki. Alikumbuka kuwa Hynek hakwenda kwa shughuli zake. Yeye ndiye aliyeichora njia, naye Hynek akaenda kuipima kwa mwili wake. Akaweka spana na pampu kwenye mfuko wa mgongoni, akafunga vijiti vyake kwenye usukani, akapanda baiskeli, akaenda.

Jua lilikuwa kali, na hewa haikusogea. Njia ya mashambani ilikuwa imekauka juu lakini laini chini, tairi likizama kidogo na kutoa sauti ya mtu anayelamba midomo. Kwenye msalaba wa kisu alishuka. Juu ya jiwe kulikuwa na kijiti cha jozi, majani yake bado yana harufu. Moyo ukatulia kidogo. Akaweka chake, akaendelea. Kwenye msalaba wa shoka kijiti kilikuwepo. Kwenye msalaba wa mundu kijiti kilikuwepo pia. Ilikuwa kama kumfuata mtu anayeongea mbele yako, humwoni, ila maneno yake unayaokota.

Msalaba wa rungu ulisimama mwanzoni mwa Shamba la Viziwi. Kijiti kilikuwepo. Bohumila alikitazama kwa muda, kisha akainua macho. Shayiri ilikuwa imeiva nusu, rangi ya manyoya ya simba, imesimama bila kutikisika. Katikati yake ulipita mchirizi mwembamba uliochorwa na magurudumu ya trekta, na ndani ya mchirizi huo, kwenye tope lililokauka, meno ya tairi la Hynek yalionekana wazi.

Hakuufuata. Alitaka kwanza kujua kama alitokea upande wa pili. Akazunguka kwa barabara ya lami, akikanyaga pedali kwa nguvu zote, hadi msalaba wa tano. Jiwe lilikuwa pale, limeinama kama mtu anayesikiliza. Sikio lililochongwa lilijaa kivuli. Juu yake hakukuwa na kijiti.

Hynek alikuwa mzembe wa mengi, lakini asingepita msalaba bila kijiti. Hata alipokuwa amelewa hakuwahi kufanya hivyo.

Bohumila aligeuza baiskeli. Aliporudi kwenye msalaba wa rungu, alimkuta Mjomba Alojz, mkulima aliyelima shamba hilo, amesimama kando ya trekta lake akisugua suke la shayiri kiganjani. Alikuwa mtu mnene, ambaye hakuna aliyewahi kumwona bila kofia.

"Shikamoo, Mjomba. Umemwona Hynek?"

"Marahaba. Hynek? Juzi, dukani. Alinunua sigara."

"Jana je?"

Alojz alipuliza makapi kutoka kiganjani. "Jana nilikuwa hapa. Sikumwona mtu."

"Saa ngapi?"

"Kama saa sita hivi."

"Mjomba, hizi ni alama za tairi lake. Ameingia humu, hakutoka. Jana ulikuwa hapa saa sita. Umeona nini?"

"Nimekwambia sikuona."

Ilikuwa namna alivyolikaza neno hilo. Bohumila alimsogelea. "Basi umesikia."

Mkulima aliangalia trekta, akaangalia mbingu, akaangalia viatu. Jasho lilimtiririka mashavuni ingawa alikuwa kivulini. "Mambo ya hapa unayajua, Bohumila. Usinitie maneno kinywani."

"Mjomba Alojz!"

"Mara tatu," alinong'ona. "Ko, ko, ko. Halafu tena. Miaka hamsini na tisa nimelima hapa na baba yangu na peke yangu, sijawahi kusikia hata panya. Jana nimesikia. Kengele ilipokwisha tu. Nikafanya nilivyofundishwa. Nikaziba masikio, nikaimba, nikawasha trekta nikaondoka. Sikumwambia hata mke wangu. Sasa nimekwambia wewe, na sijui kama nimefanya vyema."

Bohumila alikuwa ameshaingia kwenye shayiri, akifuata meno ya tairi, akisukuma baiskeli kwa mkono mmoja. "Hynek!" aliita. "Hynek!" Sauti ilitoka na kuanguka karibu, kama jiwe lililotupwa kwenye pamba. Alama za tairi zilikwenda hatua mia, mia na hamsini, halafu mvua ya Alhamisi ilikuwa imeilaza shayiri chini, mabua yamelala juu ya mabua, na hapo alama zikapotea.

Ndipo kengele ya Bibi Otylie ilipoanza kulia kijijini.

Panzi walinyamaza wote kwa pamoja, kama walioamriwa. Jua lilikuwa utosini, Bohumila hakuwa na kivuli. Kengele ililia, na kila pigo lilikuja polepole juu ya shayiri, likapita, likaenda. Bohumila alisikia mvumo mdogo karibu naye, mmm-mm, mmm-mm, akageuka kumtafuta mwimbaji. Hakukuwa na mtu. Ni yeye. Mikono yake ilikuwa imepanda yenyewe, vidole vimeziba masikio, na koo lake lilikuwa linaimba wimbo wa kupura nafaka. Mwanamke mzima, fundi, ambaye juzi tu alicheka, na mwili wake ulikuwa umetii kabla hajauuliza.

Aliishusha mikono kwa nguvu, kama anayeng'oa msumari. Akafunga mdomo. Kengele ikakoma.

Kimya. Kisha, kwa mbali, upande wa msalaba wa sikio, kutoka chini ya ardhi:

Ko. Ko. Ko.

Bohumila aligeukia huko. Na kabla hajavuta pumzi, palijibu mahali pengine, dhaifu, karibu kabisa, kana kwamba chini ya viatu vyake:

Ko. Ko. Ko.

Ni mwangwi, alijiambia. Lakini ni mwangwi gani huu ulio karibu nawe kuliko sauti yenyewe?

"Bohumila!" Alojz alikuwa ukingoni mwa shamba, mikono yake masikioni, akipiga kelele kama kiziwi. "Toka! Usijibu! Ukijibu watajua kuna mtu!"

"Ndiyo!" alifoka Bohumila, na machozi yakamtoka bila yeye kujua. "Wajue kuna mtu!"

Alianguka magoti. Ardhi ilikuwa laini, haikufaa kugongwa. Hatua chache mbele kulikuwa na jiwe la zamani la mpaka, limezama, kichwa tu kiko nje. Akatambaa hadi pale, akachomoa spana kubwa, akalipiga jiwe kwa nguvu zake zote. Mara moja. Mara mbili. Mara tatu.

Chini, palijibiwa haraka haraka, bila mpangilio, kama mvua ya mawe juu ya bati. Na ndani ya kelele hiyo, sauti ndogo, kavu, ya mtu:

"Dada!"

Ilitoka kushoto. Bohumila alijitupa huko, akiifukua shayiri iliyolala kama anayefunua nywele juu ya kidonda. Chini ya mabua palikuwa na tundu lenye upana wa mlango wa tanuri. Ukingo wake ukamegeka chini ya kiganja chake. Angekwenda na kichwa mbele, lakini mkono mnene ulimshika mkanda kwa nyuma.

"Polepole, mtoto wa watu," alihema Mjomba Alojz. Alikuwa amekuja. Kofia yake ilikuwa imeanguka huko ukingoni. "Lala kifudifudi. Mimi nina kilo mia na kumi, mimi ndiye nanga. Wewe chungulia."

Aliposhusha macho, hakuona kitu kwanza ila giza na harufu ya chungu kilichofunikwa siku nyingi. Kisha macho yakazoea. Palikuwa na handaki. Lilichongwa kwa mkono, dari imepinda, na alama za sururu kwenye kuta zilikuwa safi kana kwamba mchimbaji amekwenda kunywa maji. Baiskeli ya Hynek ilikuwa imelala, gurudumu la mbele limekunjwa kama chapati. Kando yake alikaa Hynek, mguu mmoja umeelekea mahali ambapo miguu haielekei, jiwe mkononi, midomo imepasuka kama gome.

Alimtazama dada yake kwa muda mrefu, kana kwamba anamhesabu.

"Umechelewa na mahari," alisema. "Mswidi amenikataa."

Bohumila alicheka na kulia kwa pumzi moja. Alojz akatupa kamba ya trekta, akapiga simu kijijini. Baada ya robo saa wazima moto wa kujitolea walifika, wengine bado wana kitambaa cha mezani shingoni, maana ilikuwa saa ya chakula. Mmoja alishuka na taa. Walimtoa Hynek taratibu, wakamlaza kwenye machela kando ya jiwe la mpaka, wakamnywesha maji kwa kijiko.

Yule aliyeshuka alipopanda, uso wake haukuwa na rangi. Alisema handaki linakwenda hatua kumi na moja tu upande wa msalaba wa tano, halafu linakatwa na ukuta wa mawe yaliyopangwa. Mawe yamepangwa kutoka upande huu. Yaani aliyeyapanga alibaki huku, na wale wa chini walifungiwa kule.

Mjomba Alojz alipiga magoti kando ya machela. Kichwa chake, bila kofia, kilikuwa cheupe kama cha mtoto mchanga. "Nisamehe, mwanangu," alisema. "Jana nilikusikia. Uligonga nikakuimbia nikaenda zangu. Ungekufa, ningekuwa nimekuua mimi, kwa masikio haya."

Hynek aligeuza kichwa. "Jana saa ngapi, Mjomba?"

"Saa sita. Kengele ilipokwisha."

"Jana saa sita mimi sikuwepo duniani." Hynek aliongea polepole, akilamba midomo. "Nilianguka asubuhi, kama saa mbili. Nikagonga kichwa. Nilipozinduka, tundu lile juu lilikuwa jekundu, jua linazama. Niliita hadi sauti ikakauka. Sikugonga kitu jana, Mjomba. Sikuwa na akili ya kugonga."

Panzi mmoja alijaribu kuimba, akaacha.

"Na leo?" aliuliza Bohumila, ingawa hakutaka kuuliza.

"Leo nilikuwa nimelala. Nilikuwa nimekata tamaa, dada, nikwambie ukweli. Nilitaka kulala tu. Nikasikia kengele, halafu nyuma ya ukuta mtu akagonga. Mara tatu. Nikasema, ni nyinyi, mnanitafuta. Nikaokota jiwe nikajibu." Akawatazama mmoja mmoja. "Si ninyi mlioanza?"

Bibi Otylie alikuwa amefika wakati huo, akiegemea fimbo, viganja vyake vyekundu kwa kamba. Alikuwa amesikia yote. Bohumila alimtazama, akitaraji kuambiwa, nilikwambia. Bibi hakusema hivyo.

"Nipe hiyo spana," alisema.

Alikwenda nayo peke yake, kupitia barabara ya lami, hatua kwa hatua, na hakuna aliyethubutu kumshika mkono. Walimwona kwa mbali ameinama mbele ya msalaba wa tano. Aligonga jiwe mara tatu, kando ya sikio. Akasubiri. Akagonga tena. Aliporudi, aliirudisha spana.

"Muda wote huo tumewaimbia," alisema. "Hakuna hata mmoja wetu aliyewajibu. Nao wakamwamsha huyu."

Jumapili msafara ulikwenda. Walishika lami, na wazima moto wakalisimamisha gari lao jekundu katikati ya barabara, lori lisipite. Shamba la Viziwi lilizungushiwa kamba. Kwenye msalaba wa tano, kila mwendesha baiskeli aliweka kijiti, kisha akaokota jiwe na kugonga mara tatu. Watu wa mjini walidhani ni desturi ya kale, nao wenyeji hawakuwasahihisha. Kijiti cha Hynek kilichokosekana alikiweka Bohumila, kutoka tawi lile lile la mti wa jozi.

Saa sita ilipofika, kengele ililia. Oskorušov nzima ilikuwa imesimama ukingoni mwa shayiri, mikono imeshuka, midomo imefungwa. Mkono wa Mjomba Alojz ulianza kupanda, ukafika shavuni, ukasimama, ukateremka taratibu na kushika kofia yake kifuani. Kengele ikakoma.

Waliosimama mbali wanasema hawakusikia kitu. Waliosimama karibu hawapendi kuulizwa. Bohumila alisimama karibu kuliko wote, na hadi leo, akiwa karakanani, kengele ya saa sita ikikoma huacha kazi, huchukua spana yake kubwa, na kugonga benchi mara tatu kabla ya kwenda kula. Wateja wakicheka, huwaacha wacheke. Alikwisha cheka yeye, akajua: lisemwalo lipo, na kama halipo, laja.